Kila Takwimu Ina Mfuko Wake

Hotuba kwa wanachama wa vikoba na SACCOS, Ilala, Dar es Salaam

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa vikundi, kina mama, kina baba na vijana mliofika, itifaki imezingatiwa. Habari za asubuhi.

Swali mlilotupa ni zito kuliko urefu wake. Mmeuliza inakuwaje redioni uchumi unakua, hisa mlizonunua zinashuka, na dukani hela haionekani. Mnataka kujua nani anasema kweli. Wote watatu wanaweza kuwa wanasema kweli siku hiyohiyo moja, kwa sababu kila mmoja anapima mfuko wa mtu tofauti. Tunachotaka leo ni kila mmoja wenu aijue namba inayopima mfuko wake, ili siku ya kuuza au kushikilia asiamue kwa namba ya mfuko wa mwenzake.

Tuanze na jambo mnalolikumbuka wenyewe, kipindi cha "vyuma vimekaza". Msemo ule ulikuwa kila mahali, kwenye daladala, saluni na vijiwe vya kahawa. Sasa angalieni namba za wakati uleule. Mwaka 2018 na 2019 Pato la Taifa lilikua kwa karibu asilimia 7 kila mwaka. Mfumuko wa bei ulikuwa chini ya asilimia 4. Ukisoma hizo mbili tu, utadhani nchi nzima ilikuwa inacheka. Lakini hisa ya benki ya CRDB, iliyouzwa kwa umma kwa shilingi 150 mwaka 2009 na baadaye ikavuka 300, ilishuka mpaka karibu 100 mwaka 2019. Benki 5 ndogo zilifungwa na Benki Kuu kwa siku moja mwezi Januari 2018, na kwa wakati ule kinga ya Bima ya Amana ilikuwa na kikomo cha shilingi milioni 1.5 kwa mwenye akaunti mmoja.

Yaliwezekanaje yote pamoja? Ukuaji ulibebwa kwa sehemu kubwa na ujenzi: reli, barabara, madaraja. Fedha ile ilipita kwa wakandarasi, saruji, nondo na mitambo kabla haijamfikia muuza vitenge. Wakati huohuo fedha za taasisi za umma zilikuwa zimehamishwa kutoka benki za biashara kwenda Benki Kuu, na mikopo isiyolipika kwenye mabenki ilikuwa imepita asilimia 10 ya mikopo yote. Benki iliyoungua namna hiyo inabana kukopesha. Mfanyabiashara asipokopeshwa, naye anaacha kumkopesha mteja wake wa jumla, na mteja wa jumla anakaza kwa machinga. Ndiyo maana mtaa ulisema vyuma vimekaza na vitabu vya Serikali vikasema uchumi umekua. Wote walikuwa sahihi.

Na ule mfumuko mdogo wa bei tulioufurahia hapa mjini ulikuwa na mwenyewe wa kuulipia. Katikati ya mwaka 2017 ilitolewa marufuku ya kuuza mahindi nje ya nchi, na bei ya mahindi ikaanguka. Mama wa Buguruni alinunua sembe kwa nafuu. Mkulima wa Rukwa au Ruvuma, aliyekwisha kununua mbolea na kulipa vibarua, aliuza gunia kwa bei isiyorudisha gharama. Takwimu ni moja, na mifuko miwili iliisikia kwa namna mbili. Tunawaomba mlishike hili, kwa sababu mtu wa Dar es Salaam husahau haraka kwamba unafuu wake huwa ni jasho la mtu wa shamba.

Namba za miaka ya karibuni zinasema nini? Mwaka 2024 uchumi ulikua kwa asilimia 5.5. Sensa ya 2022 inaonyesha tangu 2012 watu waliongezeka kwa wastani wa asilimia 3.2 kwa mwaka. Ukiugawa ukuaji ule kwa vichwa vilivyoongezeka, kinachobaki kwa mtu mmoja ni kama asilimia 2.2. Tena huo ni wastani. Kilimo kinabeba karibu theluthi mbili ya nguvukazi lakini kinatoa kama robo tu ya Pato la Taifa, kwa hiyo asilimia ileile haitui sawa kila mahali. Utafiti wa bajeti za kaya wa 2017/18 ulikuta watu walio chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi ni asilimia 26.4 kitaifa. Vijijini walikuwa 31.3 na mijini 15.8.

Sasa mfumuko wa bei, maana hapa ndipo watu wengi huona wanadanganywa. Ofisi ya Taifa ya Takwimu inapima kwa kapu la bidhaa na huduma 383, na katika kapu hilo chakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa asilimia 28.2. Tuchukue mfano mwepesi. Tuseme chakula kimepanda kwa asilimia 8 na vingine vyote kwa asilimia 1. Zidisha 8 kwa 0.282 upate 2.26. Zidisha 1 kwa 0.718 upate 0.72. Jumla ni karibu 3, na itatangazwa asilimia 3. Halafu chukua kaya ambayo katika kila shilingi 100, 60 zinakwenda kwenye unga, mchele, maharage, mafuta na mboga. Hapo ni 8 mara 0.6, yaani 4.8, ongeza 1 mara 0.4. Kwake mfumuko ni 5.2. Hakuna aliyedanganya. Kapu la taifa lina pia mafuta ya gari, hoteli na bima, vitu ambavyo yeye hanunui. Fanyeni hesabu hii nyumbani kwa risiti za mwezi mmoja. Inachukua nusu saa, na ndiyo namba ya kudai nayo nyongeza ya mshahara au kupangia bei ya sahani ya chakula kama unauza chakula.

Shilingi nayo vivyo hivyo. Katika nusu ya pili ya 2024 dola ilifika kama shilingi 2,700, na kufikia mwisho wa mwaka ikarudi karibu 2,400. Habari ikawa shilingi imeimarika, na kweli iliimarika. Lakini mchukulie mfanyabiashara wa Kariakoo aliyelipia mzigo wa dola 10,000 wakati wa 2,700. Mzigo umemgharimu milioni 27 kabla ya ushuru na usafirishaji. Jirani yake aliyelipia Desemba ametoa milioni 24. Wanakutana mtaa mmoja na bidhaa ileile. Wa kwanza akishusha bei anauza kwa hasara, asiposhusha mzigo unalala. Habari njema ya taifa imemkuta yeye amebeba mzigo wa bei ya jana.

Sasa tuingie kwenye hisa, maana ndiyo iliyowaleta wengi.

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998. Lina fahirisi mbili kubwa, yaani vipimo vya jumla vya bei za hisa, na kuchanganya hizi mbili ni kosa tunaloliona kila mara. Fahirisi ya soko zima, DSEI, inazijumlisha pia kampuni za Kenya zilizoorodheshwa hapa na Nairobi kwa pamoja, kama KCB, EABL, Jubilee na Kenya Airways. Ya pili, TSI, ni ya kampuni za Tanzania peke yake. Mwaka 2023 soko la Nairobi lilianguka kwa zaidi ya robo, wakati uchumi wa Kenya ulikua kwa zaidi ya asilimia 5. Wawekezaji wa nje waliuza kwa sababu riba Marekani zilikuwa juu na shilingi ya Kenya ilikuwa inadhoofu. Anguko lile likaingia kwenye DSEI yetu kupitia bei za kampuni zile. Mwaka huohuo TSI ilipanda. Kwa hiyo mtu mwenye hisa za benki ya NMB aliyesikia kwamba soko limeshuka, akakimbilia kuuza, aliuza kwa sababu ya habari isiyomhusu. Ukisikia fahirisi imeshuka, uliza ni ipi, kisha uangalie hisa yako kwa jina lake.

Marekani yenyewe ilikuwa na mwaka wa namna hii, 2022. Hisa za S&P 500, fahirisi ya kampuni kubwa za kule, zilipoteza karibu asilimia 19, Pato la Taifa likasinyaa robo ya kwanza, mfumuko ukafika asilimia 9.1 mwezi Juni, na bado ajira ziliongezeka kwa mamilioni, ukosefu wa ajira ukawa karibu asilimia 3.5. Kule karibu sehemu 9 kati ya 10 za hisa zinazomilikiwa na kaya ziko mikononi mwa kaya tajiri zaidi, ambazo ni asilimia 10 tu ya kaya zote. Soko likianguka, wao ndio wanaosikia kwanza. Kibarua anasikia bei ya mkate na petroli.

Tofauti yetu na wao iko kwenye jambo moja kubwa: ukwasi, yaani urahisi wa kugeuza mali kuwa fedha mkononi. Soko letu ni jembamba. Kuna hisa zinazopita siku nyingi bila kuuzwa hata moja, na hisa isiyouzwa hubaki na bei yake ya mwisho ubaoni. Bei hiyo inaonekana imetulia, kumbe ni saa iliyosimama. Mtu anaona thamani ya hisa zake kwenye simu, anaamini ni fedha, anaahidi ada ya mtoto.

Tuangalie kwa karibu, na namba hizi ni za mfano. Una hisa 1,500. Bei ya mwisho ubaoni ni 625, kwa hiyo simu inakuambia una shilingi 937,500. Unataka kuuza leo. Upande wa wanunuzi kuna oda tatu tu: mmoja anataka hisa 400 kwa 620, wa pili 500 kwa 610, wa tatu 600 kwa 590. Ukimwambia dalali auze kwa bei yoyote, utapata 248,000, halafu 305,000, halafu 354,000. Jumla ni 907,000. Toa gharama za muamala, ambazo kwa miamala midogo ni kama asilimia 2 ukijumlisha dalali, soko, mamlaka na hifadhi ya hati. Mkononi inabaki kama 888,860. Umepoteza zaidi ya shilingi 48,000 na fahirisi haijatikisika. Na kuanzia hapo bei mpya ubaoni ni 590, anayefuata anaiona, anaogopa, naye anauza.

Dawa yake ni kuweka kikomo cha bei kwenye oda. Ukisema usiuze chini ya 610, zitauzwa hisa 900 na utapata 553,000 kabla ya gharama. Hisa 600 zitabaki kungoja mnunuzi. Zinaweza kungoja siku mbili au miezi miwili. Kwa hiyo kikomo kinakulinda pale tu ambapo huna haraka. Mwenye haraka hana kikomo. Kumbukeni pia kwamba hata ukiuza leo, malipo hukamilika siku ya tatu ya kazi. Anayeuza Alhamisi kwa ajili ya ada ya Ijumaa amechelewa.

Kuna kushuka kwingine ambako si kushuka. Kampuni ikitangaza gawio, yaani faida inayogawiwa wanahisa, hutaja tarehe ya kufunga daftari la wanahisa watakaolipwa. Hisa ikishaanza kuuzwa bila gawio lile, bei hutarajiwa kupungua kwa kiasi kinachokaribia gawio lenyewe. Mtu asiyejua anaona bei imeporomoka, anauza. Mwingine anafanya kosa la upande wa pili: ananunua siku moja kabla ya daftari kufungwa akidhani atalipwa, kumbe hisa hazijaingia kwenye akaunti yake ya CDS, ile inayotunza hisa kwa jina lake, kwa sababu ya zile siku tatu. Nunua wiki moja kabla au usihesabu gawio hilo. Na ukilipwa, asilimia 5 imekatwa kodi kwa kampuni zilizoorodheshwa.

Hatifungani za Serikali, yaani hati za fedha ulizoikopesha Serikali, nazo watu wanaziita salama, na kwa riba ya kila miezi sita ni kweli zinalipa. Ila bei yake sokoni hupanda na kushuka kinyume na riba. Mwaka 2022 riba ya hatifungani mpya za miaka 20 ilishushwa kutoka asilimia 15.49 hadi 12.10. Waliokuwa na za zamani wakajikuta wameshika dhahabu, kila mtu anazitaka. Geuza upande wa pili: uliyenunua ya 12.10, halafu wanunuzi wakaanza kutaka asilimia 15, ukilazimika kuuza mapema utapata kama shilingi 82 kwa kila 100. Ukisubiri miaka yote 20 unapata 100 yako kamili. Jina kwenye karatasi ni lilelile la Serikali. Anayeumia ni aliyeishiwa muda.

Riba ya Benki Kuu, ile inayoongoza riba nyingine, nayo isiwachanganye. Ilianza na asilimia 5.5 Januari 2024, ikapanda hadi 6 mwezi Aprili, ikashuka hadi 5.75 Julai 2025. Mkopo wa benki ya biashara umebaki karibu asilimia 15, na wa kikoba ukiuhesabu kwa mwaka uko juu zaidi. Kushuka kwa robo ya asilimia kule juu hakufiki kwenye daftari lenu haraka. Kwanza husikika kwenye bei za hatifungani, na kwa hiyo kwa wenye akiba kubwa.

Hapo ndipo tunafika kwenye jambo linalotuumiza roho zaidi, mkopo wa kununulia hisa. Tumeona wanachama wakikopa kwa sababu soko lilikuwa linapanda. Pigeni hesabu pamoja nasi. Mkopo wa milioni 3 kwa asilimia 1.5 kwa mwezi, riba ikihesabiwa kwenye mkopo wote mpaka mwisho, ni shilingi 540,000 kwa mwaka. Hisa inalipa gawio zuri la asilimia 8, yaani 240,000, ukitoa kodi 228,000. Pengo ni 312,000. Hisa lazima ipande kwa zaidi ya asilimia 10 ndipo uzibe pengo hilo, na nyingine kama 4 kulipia gharama za kununua na kuuza. Hiyo ni asilimia 14 na hujapata hata senti. Na kila mwezi unatakiwa kurudisha 250,000 za mkopo wenyewe, ambazo hisa haitoi. Soko likishuka mwaka huo, utauza hisa kwa hasara ili ulipe rejesho, na wadhamini wako, ambao wamekaa humu ndani, wataitwa. Tunasema wazi: msikope kununua hisa. Na viongozi wa SACCOS, msiidhinishe mkopo wa namna hiyo hata kama fomu imeandikwa biashara.

Kuna kosa jingine la vikoba hasa, nalo linatokana na kalenda. Vikoba vingi huvunjwa Novemba na Desemba ili wanachama wagawane. Kikundi kilichonunua hisa kwa fedha ya mwaka mmoja lazima kiuze wakati huo, soko liwe juu au chini, na katika soko jembamba wauzaji wakiwa wengi wakati mmoja bei ni ya mnunuzi. Hisa zilizo kwenye akaunti moja ya kikundi hazigawanywi mezani kama noti, na kuzihamishia majina ya wanachama kuna utaratibu na masharti yake. Kikoba cha miezi 12 kisimiliki hisa. Mwanachama anayetaka hisa afungue akaunti yake ya CDS, anunue kwa jina lake kutokana na mgao wake wa kikoba, na azishike kwa muda wake mwenyewe.

Kabla ya kununua chochote, andikeni tarehe. Chukua karatasi, orodhesha fedha zote utakazozihitaji katika miezi 12: kodi ya nyumba ya miezi sita, ada ya Januari, mtaji wa mzigo wa sikukuu, na kiasi cha kuendesha nyumba miezi mitatu kama kazi itasimama. Hiyo yote isiende kwenye hisa. Iweke benki au kwenye mfuko wa pamoja unaolenga ukwasi, kama ule wa UTT AMIS, kampuni inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ambako fedha hutoka ndani ya siku chache za kazi. Fedha ya mwaka mmoja mpaka mitano inaweza kugawanywa kati ya mifuko na hatifungani fupi. Ile ambayo hutaigusa kwa zaidi ya miaka mitano ndiyo ya hisa, na usiweke yote kwenye kampuni moja. Vodacom ilipouza hisa zake kwa umma mwaka 2017 kwa shilingi 850, watu wengi waliweka akiba yote pale, na bei ikakaa chini ya 850 kwa miaka. Aliyekuwa ameweka sehemu tu alisubiri. Aliyeweka ada ya shule hakuweza.

Rudini kwenye ile hisa ya CRDB. Mwaka 2019 ilikuwa karibu 100. Mwisho wa 2024 ilikuwa imepita 600. Waliouza kwa 100 wengi wao walijua kama sisi kwamba benki ile haikuwa inakufa. Waliuza kwa sababu vyuma vilikuwa vimekaza na hapakuwa na akiba nyingine ndani ya nyumba. Hisa zao zilinunuliwa na watu waliokuwa na akiba. Hivyo ndivyo soko linaloshuka linavyohamisha mali kutoka kwa mwenye dharura kwenda kwa asiye na dharura, kimyakimya, kwa oda ndogondogo za hisa 400 na 500.

Nyuma ya ukumbi kuna meza tatu. Ya kwanza ni ya waliokuja na taarifa ya akaunti ya CDS: tutaangalia kila hisa ilipouzwa mara ya mwisho na ni ngapi ziliuzwa. Ya pili ni ya viongozi wa vikoba wenye hisa kwa jina la kikundi. Njooni na katiba ya kikundi na tarehe ya kuvunja, tupange kuuza kidogokidogo kuanzia sasa badala ya Desemba. Ya tatu ni ya walio na mkopo juu ya hisa. Waanze hao wa tatu, kwa sababu rejesho la mwisho wa mwezi halisubiri.